Watoto Wawili wa Matwebe

Mtaa wa Bagamoyo,
Tukuyu.
Jumapili, 14 Septemba 2025

Kwa kaka yangu Ismael,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itawakuta wazima wewe, wifi yangu Rukaya na mwanetu Muddy, na kwamba baridi ya Njombe imeshawazoea. Shuleni tulifundishwa kuandika kwamba sisi huku hatujambo, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali. Safari hii nageuza, kaka. Ninyi huko naamini hamjambo. Hofu na mashaka ni juu yangu mimi mwenyewe.

Mama anakusalimu sana. Goti lake la kushoto linamsumbua kila mvua inapokaribia, na kwa Tukuyu hii maana yake linamsumbua kila siku, lakini ulimi wake ni mzima kabisa. Juzi amemtoa mbio muuza dagaa kwa maneno matupu. Amesema nikuulize kama huko mnapata ndizi za kupika za kueleweka au mnakula viazi tu mpaka mmefanana navyo.

Najua utajiuliza kwa nini nakuandikia barua wakati simu zipo. Kwenye simu ungenikatiza, nami ningepata upenyo wa kulia, na ukinisikia nalia ungeanza kunibembeleza kabla hujajua unanibembelezea nini. Nakujua. WhatsApp nimejaribu mara tatu; naandika, nafuta, naandika, nafuta. Ndiyo maana nimechukua daftari na kalamu. Hapa nikikosea nitakata kwa mstari, na nilichokikata utakiona.

Dukani kazi zipo, alhamdulillah. Kompyuta yangu uliyoifufua bado inapiga mzigo. Huwa nakumbuka hali niliyokuwa nayo kabla hujaniwekea huu mfumo wa bure wa Linux, ile Windows ya kuchakachua iliyokuwa ikizima katikati ya barua ya mtu, na virusi vilivyokula picha za harusi nzima ya watu wa Makandana. Siku hizi naiwasha asubuhi, nachapa mpaka jioni, haijawahi kunitia aibu. Wateja bado wananichosha. Mmoja aliniuliza mbona kompyuta yangu haifanani na za wenzangu, nikamwambia hii ni ya bure, akachukua flash yake taratibu akairudisha mfukoni. Mwingine faili lake la Word likifunguka kwenye LibreOffice, programu yangu ya kuandikia, jedwali linahama kidogo, basi lawama zote kwangu, tunakaa tunavuta mistari mpaka inakaa. Lakini flash zenye virusi, zile ambazo kwa wenzangu mafolda yote yanapotea, kwangu zinafunguka kila kitu kikiwa mahali pake. Wanafunzi wameniita daktari wa flash, nami nimeuitikia udaktari bila kusomea.

Siku uliyoniwekea ulinieleza kwamba programu hizi zinatengenezwa na watu wasiotujua, wengi wao kwa kujitolea, na kwamba hawatudai chochote isipokuwa kimoja: tukiona kosa tuwaambie, na tukiwaambia tuseme kweli. Nilikujibu kwamba hilo ni jepesi. Wallahi nililisema nikitafuna muwa, bila kufikiri.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe, maana nikiendelea hivi nitakuandikia mpaka habari za kuku.

Mwalimu Lugano wa Lupepo, aliyekufundisha hesabu darasa la tano, alifariki mwezi wa nne, mvua zikiwa zimepamba moto. Siku ya mazishi wewe ulikuwa Mbeya kufuata vipuri, kwa hiyo uliyasikia tu. Mimi niliyaona. Wasifu wa marehemu niliuchapa mimi. Ackson, mpwa wake aliyetoka Dar, ndiye aliyeniletea ukiwa umeandikwa kwa kalamu, na ndiye aliyepewa kuusoma pale msibani. Ana sauti nzuri yule, ya redioni, ila familia ya mjomba wake haijui vizuri, kakulia huko huko Dar. Akasoma tarehe ya kuzaliwa, akasoma shule ambazo mwalimu alifundisha, akasoma majina ya watoto wanne aliozaa na mkewe, Mama Tupokigwe. Akageuza ukurasa. Akasoma, bila hata kusita, kwamba marehemu pia alijaliwa watoto wawili kwa mama mwingine huko Matwebe, ambao familia inawatambua na kuwapenda.

Kaka, turubai zima lilimgeukia Mama Tupokigwe. Nyuma yangu mwanamke mmoja akasema polepole, lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mama Tupokigwe hakupiga kelele. Aliinuka kwenye mkeka, akajifunga kitenge chake vizuri, akaingia ndani. Wakati wa kuweka mashada jina lake liliitwa mara tatu, hakutoka. Ameishi na yule mzee miaka thelathini na nane, na mzee amezikwa bila mkono wake.

Kesho yake asubuhi Lilian, binti yao mkubwa, alikuja dukani na ile karatasi ikiwa imelowa. Wateja walikuwepo sita au saba. Akaniuliza mbele yao maneno haya yametoka wapi, maana kwenye karatasi ya Ackson hayapo, ameyatafuta. Jibu nililompa unalijua, lilikufikia kabla hujashuka kwenye gari. Nilisema siyo mimi, ni hii programu ya bure aliyoniwekea kaka yangu, inachanganya mafaili ya watu. Jirani yangu mwenye stationery ya pili akatikisa kichwa, akasema ndiyo hapo sasa, rahisi ghali. Kufika mchana Bagamoyo yote ilikuwa inajua.

Yaliyofuata uliyabeba wewe. Ulikaa mbele ya kompyuta yangu siku mbili nzima. Uliniomba lile faili, nikakwambia nimelifuta kwa hasira. Ukasema haina neno, hasira ni kitu cha kawaida. Ukatunga wasifu wa kujaribia, wa watu wasiokuwepo, ukiufungua na kuufunga, ukiusevu na kuuchapa, ukitafuta kosa. Ukawaandikia watengenezaji kwa Kiingereza chako cha kuungaunga, na akakujibu mmoja wao, yule kijana wa Brazil. Alijaribu kwenye kompyuta zake tatu. Akakuomba faili, ukamwambia hakuna. Mwisho akakuomba radhi kwamba ameshindwa kutusaidia. Mtu wa watu, hata sura yake hatuijui, anatuomba radhi sisi.

Wenye maduka matatu uliowawekea wakaiondoa. Na ile shule ya sekondari ambayo mlikuwa mmeshaelewana uzifufue kompyuta zao kumi na mbili, mkuu wake alikuita akakwambia kwa upole kabisa kwamba programu inayogawa watoto kwa marehemu haiwezi kukabidhiwa matokeo ya wanafunzi. Waliokuwepo wakacheka. Ulipotusimulia nyumbani na wewe ulicheka, lakini niliona ulivyolifunga begi lako la vifaa na kulisukuma uvunguni. Haikupita mwezi ukatuaga, ukaenda Njombe kutengeneza printa kwenye duka la mtu, wewe uliyekuwa na ndoto ya duka lako hapa hapa kwenu.

Kabla ya kuondoka ulinichukua twende Lupepo ukamtake radhi mjane. Nilikwambia usiende, ukadhani naona haya. Ulikaa chini kwenye mkeka mbele ya Mama Tupokigwe, ukamwambia kosa ni lako, umewaletea watu kitu usichokijua vizuri, na kwamba mwalimu alikulea kwa chaki yake nawe umemlipa aibu. Machozi yalikutoka, Ismael. Mimi nilikuwa pembeni yako nimeshika mfuko wa sukari. Sikufungua mdomo. Mama Tupokigwe alikuitikia kwamba amesikia, akapokea sukari, akatusindikiza mpaka barabarani, na mimi nikarudi nyumbani nikala chakula na kulala kama mtu mwema.

Nilijiambia yatapita. Nilijiambia kila msiba una maneno yake, na maneno hupoa. Hayakupoa. Nilichokuwa sikijui ni kilichokuwa kinaendelea ndani ya nyumba ile, mpaka Alhamisi iliyopita.

Alhamisi Mama Tupokigwe alikuja mwenyewe. Amekonda. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanishukuru kwa kiti, ndaga mwanangu, ndaga, kana kwamba nimempa kitu cha maana. Alitaka nimchapie barua ya kwenda ofisi ya kijiji. Dukani tulikuwa wawili tu, mvua ilikuwa imewafukuza wengine. Kabla ya kuanza alinieleza, kwa utaratibu ule wa watu wazima wa kule wanaotafuta kwanza neno kwa Kinyakyusa halafu ndipo walitoe kwa Kiswahili, kwamba ameiwaza ile habari ya mashine miezi yote mitano na imekataa kumwingia akilini. Mashine inaweza kuugua, akasema. Inaweza kula maneno, inaweza kuandika upuuzi. Lakini mashine haiijui Matwebe. Mashine haiwezi kutunga watoto ikawahesabu wawili. Kwa hiyo yupo mtu aliyeyasema yale, na mimi na kaka yangu tunamsitiri, naye hatulaumu, kwa sababu sisi ni watoto tuliolelewa vizuri.

Akaendelea kunieleza kwamba ameshakwenda Matwebe mara mbili, kwa miguu na kwa bodaboda, na picha ya mumewe mkononi, akipita nyumba kwa nyumba. Kila aliyemuuliza alisema hamjui. Akaamua kwamba wanamficha kwa huruma. Basi akakaa akafikiri, akaona kwamba hata baba yao akiwa amekosea, watoto hawakukosea kitu. Alichotaka nichape ni hiki: kwamba yeye Tupokigwe, mjane wa mwalimu Lugano, anatenga lile shamba la chai la bondeni, ambalo marehemu alilipanda kwa mikono yake, liwe la watoto wawili wa Matwebe siku yoyote watakapojitokeza. Watoto wake wa kuzaa wamekataa. Lilian hazungumzi naye tangu Idi, namaanisha ile ya kuchinja, tangu mwezi wa sita. Lakini yeye amesema hawezi kwenda mbele ya Mungu akiwa amekula haki ya mayatima.

Nilianza kuchapa. Kaka, nilianza kweli. Niliandika anuani, niliandika tarehe, niliandika kichwa cha barua kwa herufi kubwa. Nilipofika kwenye maneno shamba la chai mikono ikakataa. Akaniuliza kama umeme umekatika. Nikamwambia umeme upo, mama, ila mimi ni mwongo.

Nilimwambia yeye, na sasa nakwambia wewe. Programu haikukosea. Haikuchanganya faili la mtu yeyote. Ni mimi.

Wiki mbili kabla ya mwalimu nilikuwa nimechapa wasifu wa mzee Ambindwile, yule wa malori ya ndizi. Unamkumbuka, alikuwa na nyumba ya pili Matwebe, na familia yake ilikaa ikaona bora iseme wazi mbele ya watu kuliko kuacha watoto wasimame nyuma ya migomba. Aya ile ni yao. Sisi wa stationery unatujua, hatuandiki kitu upya. Mkataba wa nyumba, barua ya kazi, ratiba ya harusi, wasifu wa marehemu, tunafungua cha mteja aliyepita, tunageuza majina, tunachapa. Wewe ulinitengenezea kiolezo kitupu cha wasifu, ukanikanya nisitumie maiti ya mtu kuandikia maiti ya mwingine, ndivyo ulivyosema, na mimi nikaona unanichelewesha. Siku ile umeme ulirudi saa tano, mazishi saa nane, Ackson kasimama mlangoni anatazama saa. Nikafungua la Ambindwile. Nikaiambia kompyuta ibadilishe Ambindwile kuwa Lugano kila mahali. Nikaandika upya ukurasa wa kwanza. Wa pili nikatazama juu juu, nikamuona Lugano, Lugano, nikaridhika. Ile aya haikuwa na jina, ilikuwa na neno marehemu tu, na marehemu ni kila mtu. Ikabaki. Kompyuta ilifanya nilichoiambia, wala haikuzidisha hata nukta.

Lilian aliponiuliza nilikwishajua. Nilijua tangu chini ya turubai, Ackson hajamaliza sentensi. Lakini nilitazama wale wateja, nikafikiri, nani ataleta tena wasifu wa baba yake kwa Shadya anayechanganya maiti? Jina lako likanijia mdomoni lenyewe, kwa sababu wewe ni kaka yangu na nilijua hutanikana. Hiyo ndiyo sehemu inayoniuma zaidi ya zote. Sikukuchagua kwa chuki. Nilikuchagua kwa kuwa nilijua utabeba.

Faili sikulifuta. Nimelihifadhi kwenye flash na flash ipo ndani ya bahasha hii. Ukilifungua tazama taarifa zake, utaona lilianzishwa siku aliyofariki Ambindwile, siyo mwalimu. Ungeliona siku ile ungejua kwa dakika moja, ndiyo maana nilikunyima. Tafadhali mpelekee yule kijana wa Brazil na umwambie asitafute tena, na jina langu ulitaje, usinisitiri.

Mama Tupokigwe alitaka kuona kwa macho yake. Nikayafungua mafaili yote mawili kwenye kioo, la Ambindwile kushoto, la mwalimu kulia. Alikuwa hana miwani, akaniomba nimsomee. Nikasoma ile aya ya kushoto, nikasoma ya kulia. Akaniomba nirudie. Nilirudia. Akaniuliza kama mwalimu basi hakuwa na mtu Matwebe. Nikamwambia hakuwa na mtu, mama. Akaweka mikono mapajani. Halafu akasema, siyo kwangu, akiwa anatazama mlangoni kwenye mvua: "Kumbe nimemnunia maiti."

Miezi mitano hajakanyaga kaburini, kaka. Lipo nyuma ya nyumba, hatua hamsini. Majani yameota na amekataza mtu yeyote asiyafyeke.

Nilipiga magoti nikamwomba msamaha. Nilitegemea anitukane, na ningeshukuru. Aliniinua kwa mkono akaniuliza jambo moja tu: yule kaka yako aliyelia kwenye mkeka wangu, anajua? Nikasema hajui. Akasema basi wa kuombwa msamaha mimi ni wa pili. Wa kwanza ni yeye. Akajitanda kitenge akatoka, na barua yake ya shamba ikabaki kwenye kioo, imeishia katikati. Bodaboda aliyembeba amenieleza kwamba hakuingia hata ndani. Alichukua ukutani nyengo yake ya kufyekea akazunguka nyuma ya nyumba.

Ijumaa nimemweleza Lilian. Hajanijibu mpaka leo, na ana haki. Jirani yangu mwenye stationery nimemweleza mbele ya wateja, kama nilivyosema uongo mbele ya wateja. Kesho Jumatatu nakwenda kwa mkuu wa shule. Sijui kama zile kompyuta bado zipo au wameshaziuza kwa wanunua vyuma, lakini atasikia kutoka kinywani mwangu. Mama yetu nimemweleza jana.

Sasa nisikilize vizuri, kaka. Mama Tupokigwe anasubiri wewe utangulie kunisamehe. Lakini siandiki kukuomba unisamehe ili na yeye anisamehe. Nikifanya hivyo nitakuwa nimekutumia mara ya pili. Nakuandikia ujue tu kwamba siku zile mbili ulizokaa mbele ya kompyuta yangu ukitafuta kosa, kosa lilikuwa limesimama nyuma yako linakupikia chai. Ukinyamaza, nitanyamaza. Ukitaka kuja kunigombeza, njoo, mlango ni wako. Na kama ulimi wako utashindwa kuniita mdogo wako kwa muda, niite Shadya tu, nitaitika.

Mbusu Muddy, mwambie shangazi anampenda. Mpe wifi salamu, na barua hii asome yeye pia, usimfiche. Mungu akulinde na akulipe subira uliyoitumia bure kwa sababu yangu.

Ni mimi niliyekukosea,
mdogo wako,
Shadya